Q bila U: maneno mengi tunayo tayari mdomoni

Mkuu uliyeuliza maneno ya Kiingereza ya herufi tano yenye Q lakini yasiyo na U, nikupe kwanza ulichokifuata, soga baadaye: FAQIR, NIQAB, TALAQ, QANAT, TRANQ. Ukikubali wingi, ongeza QADIS, QAIDS, WAQFS na QOPHS. Yote yamo kwenye orodha ya kamusi ya Collins, ile inayotumika nje ya Marekani na Kanada kwenye mashindano mengi ya Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa kete za herufi zenye pointi.

Sasa yasome tena kwa sauti. Fakiri. Nikabu. Talaka. Kadhi. Wakfu. Umeona? Kwenye Kiingereza Q haitembei bila U. Ukiiona peke yake jua huyo ni mgeni, na mara nyingi katoka kwa Waarabu, kulekule tulikochukua sisi. Tofauti ni kwamba sisi ile herufi yao ya qaf tuliiandika kwa K, wao wakaipa Q. Hata fukara letu, kwa Kiarabu, ni wingi wa faqir. Kwa hiyo wakati Mzungu anakariri orodha hii kama namba za simu, wewe unajikumbusha tu maneno uliyoyasikia msikitini au barazani.

Mimi nililigundua hili kwa shida. Nilikuwa nacheza na shemeji yangu, mwalimu wa Kiingereza, mtu asiyependa kushindwa na mtu aliyeishia kidato cha nne. Ameteremsha ROAST kutoka ukingo wa juu wa ubao, R yake imekaa safu ya kwanza kabisa. Mimi nina Q mkononi tangu mwanzo wa mchezo na U sijaiona hata moja (ziko nne tu kati ya kete mia). Nikatazama zile kete: F, A, Q, I. Nikazipanga mbele ya R yake, F ikakaa juu ya kijumba chekundu, kile cha kuzidisha neno mara tatu. FAQIR. Pointi 17 mara tatu, 51.

Shemeji akacheka. "Hilo umelitoa madrasa." Akapinga. Kwetu nyumbani anayepinga akakosea anapoteza zamu. Kamusi ikafunguliwa, FAQIR hilo hapo, na FAKIR nalo lipo kwa wanaopenda K. Zamu ikamtoka.

Nikalewa sifa. Mchezo uliofuata nikamwaga RIZIQ, kwa imani kamili, maana Z na Q kwenye neno moja ni pointi 20 kabla hujahesabu nyingine. Riziki yangu haikuwamo kwenye kamusi. Nikazikusanya kete zangu kimya kimya huku shemeji ananisomea dua ya kuomba subira. Kwa hiyo tahadhari: masikio yako yatakuonyesha pa kutafuta, ila mwamuzi ni orodha. Yahakiki kabla ya mechi, usisubiri katikati yake.

Na kama Q imekuganda na huna A wala chochote cha maana, kuna QI, neno la Kichina la nguvu ya uhai. Herufi mbili, pointi 11. Limeniokoa mara nyingi kuliko hayo mengine yote kwa pamoja.

Nje ya Q kidogo, maana umesema unatafuta herufi tano kwa ujumla. Kiswahili chenyewe kimo humo: UHURU, UGALI, BWANA, KANZU, NGOMA, PANGA, KIKOI. UHURU nalipenda kwa sababu linakutua U tatu kwa mpigo, na mwenye U tatu mkononi anajua ni mzigo gani. KANZU ni pointi 18 hata pasipo kijumba cha rangi. KIKOI ni mtego: ubao mzima una K moja tu, kwa hiyo ya pili lazima uifanye kwa kete tupu, ile isiyo na herufi inayosimama mahali pa yoyote. Halafu ujizoeze kuvumilia wingi wao. KANZUS. UGALIS. NGOMAS. Masikio yanauma lakini pointi zinaingia.

Kama swali lako ni la Wordle, ule mchezo wa mtandaoni wa kubahatisha neno moja la siku la herufi tano, hapo habari ni nyingine. Josh Wardle alipoutengeneza alianza na maneno ya herufi tano kama 12,000, mwenzi wake Palak Shah akayachuja yakabaki kama 2,500, yale anayoyafahamu yeye, ndiyo yakawa majibu. Kwa hiyo ukibahatisha NIQAB au UGALI mchezo utakupokea, lakini usitegemee kuwa ndilo jibu la siku. Kule Q ikiwaka njano, yaani imo kwenye neno ila si mahali hapo, itafute na U yake: EQUAL, QUILT, SQUAD, PIQUE. Na usihangaike na wingi wa S wa kawaida, majibu ya kule hayana tabia hiyo.

Zile tovuti za kuweka alama ya kuuliza mahali pa herufi usiyoijua zipo na zinafanya kazi, mimi huzitumia baada ya mechi kujua nilichokosa. Katikati ya mechi ni wizi, tusidanganyane.

Maana zake? QANAT ni mfereji wa kupitisha maji chini ya ardhi, wa kule Uajemi. TRANQ ni kifupi cha dawa ya kutuliza. QOPH ni herufi ya Kiebrania. Lakini usijitese sana na maana. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kukijua Kifaransa, alikariri tu orodha ya maneno. Mwaka huohuo Mnigeria Wellington Jighere akawa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza.

Shemeji siku hizi tukikaa barazani anauliza kwanza, kabla hata ya kuchota kete: leo tunatumia kamusi au juzuu?