Je, Kabula na Masanja wangeachana?

Swali: Mama Wakili, shikamoo. Naandika riwaya ya maisha ya kijijini Magu, mkoani Mwanza, mwaka 1994. Kabula aliolewa na Masanja kimila mwaka 1984 kwa mahari ya ng'ombe 22. Hawana cheti cha ndoa. Wana binti wa miaka 9 na mapacha, Kulwa na Doto, wa miaka 5. Masanja alikwenda kuchimba dhahabu Bulyanhulu, akakaa miaka miwili bila kutuma hata senti, kisha akarudi. Hapigi, hana mke mwingine. Ila hawaongei. Chakula kinawekwa mezani, kinaliwa, basi. Rafiki aliyesoma mswada wangu anasema talaka haiwezekani, kwamba ndoa ya kimila haivunjiki mpaka ng'ombe warudi. Ni kweli? Wangeachana hawa?

Jibu: Marahaba. Nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu huyo Kabula nimekwisha kukutana naye, kwa majina mengine, zaidi ya mara moja.

Rafiki yako anasema wanachosema wazee wengi, lakini sheria haisemi hivyo. Tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa ya kimila, ya kidini na ya kiserikali zote ni ndoa, na njia ya kuivunja ni moja: mahakama itoe amri ya talaka baada ya kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hata mahari isipolipwa yote, au isipolipwa kabisa, ndoa ni halali. Kwa hiyo hakimu hahesabu ng'ombe kabla ya kuwaachanisha watu. Madai ya kurudishiwa mahari ni shauri lake, linaloamuliwa kwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, na humo huulizwa kosa ni la nani na watoto wangapi wamezaliwa. Mume aliyezaa watoto watatu na kuitelekeza nyumba miaka miwili asitegemee kuswaga ng'ombe 22 kurudi nyumbani kwake.

Kukosa cheti nako kusikutishe. Kabula ataleta watu: mjomba aliyekuwapo siku ya kuhesabu mifugo, jirani aliyepika, mshenga kama bado yu hai.

Sasa kuhusu huo ukimya wao, ambao naona ndio moyo wa riwaya yako. Sheria inataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imekufa: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kupuuza wajibu kwa makusudi, kumtelekeza mwenzi kwa miaka isiyopungua mitatu, na mengine. Masanja alikaa machimboni miaka miwili, kwa hiyo kwa utelekezaji peke yake Kabula hafiki. Lakini orodha ile si ukuta. Hakimu anatakiwa kuangalia mwenendo wote wa ndoa, na miaka miwili bila matunzo ikifuatiwa na nyumba isiyo na salamu ni jambo zito, mradi lisemwe vizuri. Hapo ndipo wanawake wengi hukwama. Mama mmoja niliyemsimamia alisimama mbele ya hakimu akaulizwa mumewe amemkosea nini, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Akiingia, mimi natoka. Nikiingia, yeye anatoka. Mwaka wa nne huu." Hakimu aliacha kuandika akamtazama. Sikuwa na hoja ya kuongeza.

Ila kabla ya hakimu kuna Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na waandishi wengi huliruka. Huwezi kupeleka shauri la talaka mahakamani bila kwanza kupitia baraza hilo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama mwenzi ametoweka hajulikani aliko au amekataa kwa makusudi kuhudhuria. Liko ngazi ya kata: mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Kwa Kabula hii ina maana kwamba watakaomsikiliza huenda wanamfahamu tangu siku alipoletwa kijijini, na mmoja wao huenda alikula nyama ya harusi yake. Watamwambia avumilie. Watamwambia Masanja aombe radhi, naye ataomba. Wakishindwa kuwapatanisha, wataandika hati inayosema hivyo. Hati hiyo, iliyogongwa muhuri, ndiyo ufunguo wa Mahakama ya Mwanzo.

Kuhusu watoto, mila za huko zitasema mahari imelipwa, watoto ni wa ukoo wa Masanja. Mahakama inaanza na ustawi wa mtoto. Mila za jamii huangaliwa pia, lakini kwa mtoto wa chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni vizuri akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Kulwa na Doto wako ndani ya umri huo. Binti wa miaka 9 hayumo, ila anaweza kuulizwa matakwa yake. Usiandike tukio la binti kuulizwa kwa haraka. Lipe nafasi.

Shamba na nyumba je? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe, lakini msimamo ule ulibaki na umewasaidia wengi. Kabula aliyelima pamba miaka kumi ana la kudai.

Sasa swali lako lenyewe. Kwa jinsi ulivyowajenga, naamini wangeachana mwaka ule, lakini talaka isingetoka mwaka ule. Ndoa za kimila nilizoziona hufa kwa miguu kwanza. Mwanamke hufunga nguo zake asubuhi, hubeba mdogo mgongoni, hurudi kwao. Baba yake humpokea kwa uso mgumu, kwa sababu wale ng'ombe hawapo tena. Kaka yake aliwatoa mahari alipooa, na sasa mke wa kaka anamtazama wifi kama mtu aliyekuja kudai godoro analolalia. Hakuna anayemfukuza, wala hakuna anayemwambia kaa. Nadhani rafiki yako alikuwa anayahisi haya alipotaja ng'ombe, akayaita sheria.

Na kama unatafuta kitu cha kuichelewesha talaka bila kumleta mtu mbaya, kipo ndani ya sheria yenyewe. Ile hati ya baraza inatakiwa iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Mpe Kabula hati yake mwezi wa Novemba, wakati watu wanapanda pamba. Hana nauli wala ada ya mahakama, kwa hiyo anaikunja, anaiweka kwenye pindo la khanga, analima. Palizi, dawa, kuvuna. Pamba inauzwa Juni. Siku anapopata fedha na kufika kwa karani, karani anasoma tarehe, anahesabu kwa vidole, anamrudishia karatasi. Arudi barazani, aanze upya, na safari hii Masanja ndiye aliyefika mapema, ameketi benchi lile lile.