Kigari cha turbo cha kufungua juu: nenda asubuhi, na uende na maji

Wadogo zangu mnaoanza, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni lile lile, "kaka nimeona kigari kimoja kitamu, viti viwili, kina turbo, juu kinafunguka, bei imekaa vizuri, nichukue?" alafu natumiwa picha kumi na zote gari imefunguliwa juu, jua linawaka, rimu zinang'aa. Mi huwa narudisha swali moja tu, picha ya paa likiwa limefungwa iko wapi? Wengi wanakaa kimya, au wanaenda kumuuliza muuzaji na muuzaji ndo anakaa kimya.

Nimemiliki tatu mpaka sasa. Ya kwanza nilienda kuiona saa saba mchana, kijana anayeuza akaniambia "nimeizungusha kidogo bro kuitoa vumbi", nikacheka nae, tukafungua juu, nikakanyaga mafuta, ule mluzi wa turbo ukaniingia kichwani nikasaini siku ile ile. Yaani niliuziwa mbuzi kwenye gunia huku nashika kamba mwenyewe. Wiki iliyofuata naiwasha asubuhi na mapema, moshi wa bluu ukafunika geti lote, na mvua ya kwanza ilipopiga nikaingia ndani nikakanyaga zulia likatoa maji kama sponji la kuogea. Siku hiyo ndo nikajifunza kwamba hizi gari zina maadui wawili, joto na maji, na muuzaji mjanja atakuonyesha gari ikiwa imeshapata moto na ikiwa kavu. Kwa hiyo we fanya kinyume, iwahi ikiwa ya baridi, na beba chupa ya maji.

Tuanze na joto. Turbo ni kitu kidogo tu, unaweza kukibeba kwa mkono mmoja, moshi wa egzosi unazungusha panga upande mmoja, shafti inazungusha panga la upande wa pili, hilo la pili ndo linasukuma hewa kwa nguvu kwenye injini. Hiyo shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nyingine zinafika 200,000, na haikai kwenye beringi ngumu kama ya tairi, nyingi zinaelea tu juu ya utando mwembamba wa oili ile ile ya injini. Sasa fikiria mtu anayechelewesha kumwaga oili, au anatoka mbio barabara kuu anapaki na kuzima hapo hapo, oili iliyobaki kwenye turbo inaungua na kuganda kama masizi ya sufuria, mrija unaopeleka oili unaziba kidogo kidogo, siku moja shafti inazunguka kavu. Gari za sasa turbo nyingi zinapoozwa kwa maji pia kwa hiyo zinavumilia zaidi, lakini oili mbaya bado ni oili mbaya.

Ndo maana nasema unaponunua turbo iliyotumika unanunua tabia za mwenye gari. Mwambie muuzaji kabla, tafadhali usiiwashe mpaka nifike. Ukifika, weka mkono kwenye boneti kabla hata hamjamaliza salamu. Ikiwa ya moto, sio lazima uondoke, ila jua kuna kitu hakutaka ukisikie. Fungua kifuniko cha oili uchungulie na tochi, ukiona uchafu mzito mweusi umeshika kama lami, funga, shukuru, ondoka. Ukiona kama uji mweupe chini ya kifuniko, inaweza kuwa maji ya rejeta yanaingia kwenye oili au gari inatembezwa safari fupi fupi tu haipati moto, na vyote viwili vinahitaji maelezo. Alafu uliza risiti za sevisi, sio stika iliyobandikwa, risiti. Kuna watengenezaji wa Ulaya waliruhusu kumwaga oili kila kilomita 30,000 au miaka 2, kwa injini ya turbo mi naona huo ni uchokozi, mwenye gari anayeipenda atakuwa amemwaga kwenye 10,000 au chini yake, na atakuambia kwa majigambo kabla hujamuuliza.

Iwashe sasa, rafiki yako asimame nyuma. Sekunde za kwanza sikiliza mkwaruzo wa cheni upande wa mbele wa injini, maana taimingi cheni (ile inayopanga valvu zifunguke kwa wakati) iliyolegea hupiga kelele injini ikiwa baridi na kunyamaza oili ikishapanda. Kama unaangalia BMW za N20, ile injini ya lita 2 ya kabla ya 2015, hapo usiwe na haraka kabisa, zile reli za plastiki zinazoongoza cheni ni ugonjwa unaojulikana. Iache ingurume bila kukanyagwa dakika kama kumi hivi, alafu kanyaga ghafla, rafiki aangalie. Moshi wa bluu ni oili inaungua, inaweza kuwa sili za turbo au za valvu, mweupe mzito usioisha wenye harufu ya utamu ni maji ya rejeta, mweusi ni mafuta yanazidi hewa, mara nyingi kuna mpira unavuja. Mvuke mwembamba wa asubuhi unaopotea baada ya muda usikutishe.

Barabarani usiende kwa kishindo, iache ipate moto kwanza. Weka gia ya tatu au ya nne, mzunguko uwe kama 2,000, alafu kanyaga mpaka chini. Nguvu inatakiwa ije kama mtu anakusukuma mgongoni taratibu na kuendelea kusukuma. Ikija, ikakata, ikarudi, angalia plagi na koili. Ukisikia "shhhh" kubwa afu nguvu hakuna, hewa inatoroka kwenye mpira au intakula (kile kipoza hewa ya turbo). Ikilia kama king'ora cha polisi ujue panga au beringi ya turbo imechoka. Mluzi mdogo ni kawaida, huo ndo uliokuleta.

Ukipata fundi anayekubali kufungua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, mwambie ashike shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana pembeni ni sawa kwa sababu inaelea kwenye oili, ila ikienda mbele na nyuma, au ncha za panga zimekwaruza nyumba yake, hiyo imekwisha hata kama leo bado inavuta. Oili kidogo kama imepakwa ndani ya mpira ni kawaida pia. Ikimwagika ukigeuza mpira, basi.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nunua yako, ndogo tu ya kuunganisha na simu. Watu wanaangalia kama kuna kodi za makosa, yaani zile namba za hitilafu ambazo kompyuta inaziweka, wakikuta hamna wanafurahi, mimi naangalia kitu kingine, kuna sehemu inaonyesha kama vipimo vya ndani vya gari vimeshakamilika. Mtu akifuta kodi asubuhi kabla hujaja, hivyo vipimo vinarudi sifuri na vinahitaji gari itembee kwa muda kukamilika tena. Kwa hiyo kodi hamna na vipimo havijakamilika maana yake kuna aliyepita na kifutio, au betri ilitolewa, na utaniambia betri ilitolewa kwa nini. Kodi ya P0299 ukiiona ni turbo haifikishi presha.

Haya, maji. Hapa ndo wageni mnapigwa zaidi manake akili yote iko kwenye injini.

Paa likunje na kulifungua mara tatu, injini ikiwa inawaka ili betri isilie. Mara moja haitoshi, kuna pampu inafanya kazi mara moja vizuri afu ya pili inagoma ikipata moto. Simama nyuma uangalie, pande zote mbili ziende pamoja, upande mmoja ukichelewa ujue silinda ya haidroliki inavuja au kiungo kimepinda. Fungua buti, toa zulia, tafuta oili ya haidroliki iliyolowa. Na ikigoma kabisa muuzaji akikwambia "ah ni sensa tu", kuna wakati ni kweli, zile za paa la chuma kama SLK ya Mercedes na Z4 ya BMW ya 2009 kuendelea zina kizuizi kwenye buti ambacho kisiposhushwa paa halitikisiki, lakini mwambie ashushe basi tuone. Sensa tu kwenye mdomo wa muuzaji haina gharama, kwenye gereji inayo.

Paa la turubai lina shida zake, angalia pale linapokunjwa kama nyuzi zimeliwa, angalia mshono, na kioo cha nyuma kama kimeanza kubanduka kwenye gundi. Paa la chuma halichaniki ila ni zito, lina mipira mingi ya kuzuia maji, na likipoteza mpangilio kidogo tu maji yanapita. Mi binafsi turubai nalipenda, ni jepesi na likizeeka unabadilisha turubai.

Sasa toa chupa yako. Nyuma ya viti, kwenye pembe za lile shimo linalomeza paa, kuna matundu ya mifereji. Mimina maji taratibu, kikombe kimoja kila upande, afu chungulia chini ya gari karibu na matairi ya nyuma. Yakitoka haraka safi. Yakikaa juu kama bakuli, mfereji umezibwa na majani na vumbi, na maji yote ya mvua zilizopita yalitafuta njia nyingine. Njia hiyo ni ndani. Ingiza mkono chini ya viti ubonyeze zulia kwa nguvu, nusa vidole. Gari nyingi za aina hii zimeficha vibokisi vya umeme chini ya viti au nyuma yake, maji yakifika hapo unaanza kuona maajabu, alamu inalia usiku, vioo vinashuka vyenyewe, funguo haitambuliki. Gari yenye harufu ya pafyumu kali ndani, jiulize inaficha nini.

Maji hayo hayo yanakula chini ya milango. Gari isiyo na paa imara inashikiliwa na sakafu na zile kingo nene chini ya milango, kwa hiyo kutu pale inagusa uti wa mgongo. Pita barabara yenye makorongo kidogo paa likiwa wazi, kutikisika kidogo kwa kioo cha mbele kupo, lakini mlango ukilia kwenye fremu yake, au nafasi kati ya mlango na bodi hailingani juu na chini, hiyo iliwahi kugongwa ikanyooshwa au imeoza. Hapo bei yoyote ni ghali.

Mengine haraka haraka. Tairi lina namba nne pembeni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na gari za kustarehe hazitembei sana kwa hiyo tairi linazeeka likiwa na kashata (yale meno yake) nzima. Hilo linanipeleka kwenye kilomita chache, msizishangilie sana. Gari iliyofungiwa nyumbani miaka na kutolewa siku za jua tu, mipira imekauka, oili imezeeka bila kutembea, haijawahi kupata moto vizuri. Kati ya hiyo na yenye kilomita mara mbili ila imetembea safari ndefu na risiti zipo, mi nachukua ya pili nikiwa nimefumba macho.

Iliyoongezwa nguvu, kompyuta imeguswa, ile valvu ya kupiga "pshh" imefungwa, kwa mtu wa kwanza kununua nasema iache. Sio kwamba zote ni mbovu, ila hujui aliyeigusa alikuwa nani. Mazda MX-5 nyingi sana zilizotoka kiwandani hazina turbo, ukiletewa yenye turbo uliza ilifungwa na fundi gani. Kama unataka kujifunza kwa maumivu madogo, Daihatsu Copen ya zamani ina injini ya 659 cc yenye turbo na paa la chuma linalojikunja lenyewe, kila somo nililolitaja humu unalipata kwa kipimo kidogo. Fiat 124 Spider ya 2016 kuendelea nayo ina turbo ya lita 1.4 na paa la turubai la kuvuta kwa mkono, hakuna mota wala haidroliki ya kufa. Ukianza na Porsche 718 Boxster hongera, ila bajeti ya breki na tairi iwe pembeni kabisa na hela ya gari. Na angalia ndani ya kifuniko cha tangi petroli inayotakiwa ni ya oktani ngapi, ukijaza ya chini kompyuta inapunguza nguvu kujilinda, umenunua mbio afu unaendesha nusu yake.

Hii ya tatu niliyonayo sasa niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, boneti ya baridi kama jiwe, nikaanza kujieleza kwamba samahani mzee naomba kumimina maji kidogo nyuma ya viti. Hakunijibu. Alifungua buti akatoa jagi lake mwenyewe na kipande cha ule uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea majani, akanionyesha unavyouingiza kwenye tundu taratibu mpaka utokee chini karibu na tairi. Sikupunguza hata senti. Uzi aliniachia, uko kwenye buti mpaka leo, na kila kabla ya mvua kuanza naupitisha pande zote mbili.