Tikiti Ambayo Haikutobolewa

Shangazi, mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu. Nina miaka 50, nimeolewa na nina watoto watatu. Mwaka 1995 nilipata nafasi ya kusomea uuguzi Nairobi, nikakata tikiti ya gari la moshi, daraja la tatu. Siku tatu kabla ya safari mama alianguka jikoni, kumbe ni kiharusi. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye kifungua mimba wa watoto watano. Sikwenda. Tikiti ningali nayo, iko ndani ya Biblia. Tangu treni ya abiria irudi Kisumu, Desemba 2021, naota ndoto ile ile: niko stesheni, treni inaondoka, sanduku langu limo ndani na mimi niko nje. Nimeanza kuandika kwenye daftari maisha ya yule msichana aliyepanda. Ana nyumba Buruburu, ni mkuu wa wodi, watu humwita Sista. Juzi niligundua kwamba mume wangu hayumo humo, na watoto wangu hawamo. Nililia sana. Mchungaji anasema ni roho ya kutazama nyuma kama mke wa Lutu. Je, natenda dhambi? Nimechelewa? Na nikipanda hiyo treni siku moja, nitapona?

Msafiri Aliyebaki, Kisumu

Mwanangu,

Barua yako ina kurasa tisa, na hapa nimewapa wasomaji kiini chake tu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikisahihisha insha zamani, na nitakueleza niliyoyapigia mstari.

Kwanza nikutoe hofu ya dhambi. Mwanamke anayeandika kwenye daftari usiku, watu wakiwa wamelala, hajamsaliti mtu. Watoto wako hawamo kwa sababu uliyekuwa ukimwandika ni msichana wa miaka 20, na msichana huyo hakuwa na watoto. Uliishika hadithi pale ilipokatikia. Nawe ulipogundua hawamo, ulilia. Mama aliyewachoka watoto wake halii kwa kukosa kuwaona kwenye daftari.

Habari ya mchungaji nitaisema kwa heshima, maana mimi pia ni mtu wa kanisa. Maombi ni mema, omba. Lakini siku utakapoambiwa ulete fedha za kukufungua, rudi nyumbani. Huku kwetu magharibi, kwa Waluo na kwa sisi Waluhya, hakuna aliyelelewa akidharau ndoto. Mtoto mchanga akilia usiku kucha, wazee walitaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze kwa jina linalomfaa. Mama mjamzito akimwota nyanya aliyekufa, mtoto alipewa jina la nyanya. Wazee wetu hawakuwa na haraka ya kuifukuza ndoto. Walikaa wakaiuliza: unadai nini, na unamdai nani?

Hivyo ndivyo nilivyoifanyia barua yako.

Unasema honi ya treni ndiyo iliyokuamshia mambo haya. Unaieleza vizuri mno, jinsi inavyosikika Jumamosi alfajiri ukiwa unachora vitambaa vya sare kwa chaki. Lakini ukurasa wa sita umeandika kwamba ndoto ya kwanza ilikujia Bondo, usiku wa kuamkia tarehe 26 Desemba. Mwanangu, Bondo hakuna reli. Ukilala Bondo honi ya treni huisikii. Basi nikarudi juu kutafuta kilichotokea Bondo siku ile, nikakikuta kwenye mstari mmoja uliobanwa kati ya habari za chakula na habari za wageni: mdogo wako anayekufuata, mhandisi, alisimama kuwatambulisha ndugu zake, akafika kwako akasema, “Dada yetu mkubwa hakuwa mtu wa vitabu, yeye alipenda kukaa nyumbani na mama.” Kisha ukaandika: “Tulicheka wote.”

Kurasa nne umempa gari la moshi. Mdogo wako umempa mstari mmoja. Hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama.

Mwaka 1995 mdogo wako alikuwa kidato cha pili. Waliomfuata walikuwa shule ya msingi, na wakati huo hata shule ya msingi ilikuwa ya kulipiwa. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja 2003. Wewe ulijifunza kushona kwa cherehani ya jirani, ukalipa karo kwa marinda na kaptura, muhula kwa muhula, mpaka yeye akaingia chuo kikuu. Mama ulimgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko kwa miaka tisa, hadi alipofariki 2004. Na aliyekaa kwenye kiti ulichomnunulia kwa miaka yako anawaambia wageni kwamba hukupenda vitabu. Huenda hakuwa na nia mbaya. Alikuwa kijana mdogo, na mtoto hukulia ndani ya kafara ya mtu mwingine kama anavyokulia ndani ya nyumba: haulizi paa liliezekwa na nani. Hata hivyo maneno yake yalikunyang’anya kitu. Kubaki kwako kulikuwa uamuzi, tena mzito kuliko uamuzi wowote aliowahi kufanya yeye. Kwa sentensi moja akaugeuza uamuzi huo kuwa tabia yako, kana kwamba ulizaliwa mtu wa kubaki.

Ndipo usiku huo huo ukajiona stesheni. Naamini ndoto hiyo inakurudisha pale kwa sababu pale ndipo mahali pekee panapoonyesha kwamba ulikuwa na safari.

Jambo dogo kuhusu usingizi, kwa kuwa uliuliza kwa nini unaikumbuka yote. Usingizi wenye ndoto huja kwa vipindi, na vipindi vyake hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Wewe huamka saa kumi. Unajikata katikati ya ndoto, ndiyo maana unaamka nayo mkononi. Hakuna uchawi hapo.

Sasa daftari. Umeninakilia ukurasa mmoja na nimeupenda, hasa pale Sista anapovua viatu vyeupe mlangoni na kuviegemeza ukutani vikauke. Lakini nilihesabu, mwanangu. Angeanza 1995, angemaliza masomo karibu na mwaka 1998. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani, watu zaidi ya 200 wakafa na maelfu wakajeruhiwa. Wauguzi wa Nairobi walifanya kazi mchana na usiku wakichomoa vigae vya kioo kwenye nyuso za watu. Kwenye daftari lako siku hiyo haipo. Mwaka 1999 serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na miaka hiyo muuguzi aliwafunika watu wa rika lake. Haipo pia. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kutoka Juni hadi mwanzoni mwa Novemba, na wengi walikaa miezi hiyo bila mshahara, wakiomba mkopo wa unga dukani. Sista wako wa Buruburu hakuwahi kukosa karo.

Sikuambii haya ili ushukuru kwamba hukwenda. Ningekuwa nakudanganya. Nina hakika ungekuwa muuguzi hodari, na ungezipita siku hizo kama wenzako walivyozipita. Ninachotaka ni umwandike ukweli. Mpe Sista zamu mbaya. Mpe mgonjwa aliyemfia mikononi, mpe barua kutoka nyumbani inayomwambia mama amezikwa wiki iliyopita. Kwa sasa umempa furaha tupu, na mtu wa furaha tupu huwezi kumshinda wala kuzungumza naye. Mtu aliyechoka mtaweza kuketi pamoja.

Nayasema haya kwa kuwa mimi nilipanda. Ilikuwa 1976, stesheni ya Luanda, kwenye ile njia ya reli ya Butere, nikielekea Kisumu na kisha Nairobi. Baba alilibeba sanduku langu la bati kwenye kerea ya baiskeli kutoka nyumbani, akaliingiza kwa dirisha, akasimama akiishika baiskeli yake mpaka tukapotea kwenye kona. Nilisoma, nikapata kazi, nikaishi maisha ambayo siyakani. Baba alifariki 1981. Taarifa ilinifikia imechelewa, nikafika kaburi likiwa limeshafunikwa, udongo ungali na unyevu. Hadi leo, mimi bibi wa miaka 69, huiota stesheni ile. Baiskeli imeegemezwa ukutani na hakuna anayeishika. Mimi nimo ndani ya treni, kwenye benchi la mbao, najaribu kuteremka na miguu haisogei.

Wewe unaota umeachwa nje, nami naota nimefungiwa ndani. Kama tungekutana njiani tungesalimiana.

Najua watu wamekwisha kukuambia, “Ulimuuguza mama, basi hata wewe ulikuwa muuguzi.” Maneno hayo hutoka kinywani kwa urahisi, na mimi sitakuambia hivyo. Muuguzi ana zamu inayokwisha. Ana mshahara, ana cheti chenye jina lake, ana wenzake wa kumpokea akichoka. Wewe hukuwa na hayo. Ulikuwa binti anayemtunza mama yake peke yake, na ulipoteza kazi uliyoitaka. Hiyo ni hasara ya kweli. Una haki ya kuililia hata kama mume ni mwema, hata kama watoto wamefaulu na cherehani sasa ni tatu. Mtu anaweza kuyapenda maisha yake na bado akayalilia yale ambayo hakuyapata, na wala asimkosee mtu.

Je, umechelewa? Kwa chuo cha uuguzi, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ukiwa na miaka 50, na mtoto wa mwisho angali sekondari, ni mlima. Lakini jiulize unachokikosa ni nini hasa. Kama ni kuitwa Sista, hilo halipatikani tena kwa urahisi. Kama ni kazi yenyewe ya mikono juu ya mgonjwa, wapo wahudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 wahudumu karibu laki moja nchini wamepewa mikoba yenye kipima shinikizo la damu na kipima sukari, wanazunguka nyumba kwa nyumba. Kwa mtu aliyeona kiharusi kikiingia jikoni kwao, kumkamata mama wa jirani shinikizo likiwa bado linapanda ni kazi kubwa. Uliza kwenye zahanati ya mtaani kwenu jinsi wanavyoteuliwa. Lakini usiende mwezi huu. Ukienda sasa utakwenda kuilipa ndoto, na wagonjwa si wa kulipia ndoto.

Kuhusu treni, panda ukitaka. Nenda na binti yako, nunueni chai njiani, tazameni giza la Bonde la Ufa dirishani. Ila itakuwa safari nzuri tu. Haitakuponya, kwa sababu kidonda hakiko Nairobi.

Kidonda kiko kwenye maneno yale ya Bondo, na hayo ndiyo nakuomba uyakabili. Lakini kabla ya hapo mwonyeshe mumeo ile tikiti. Umeandika kwamba mmekaa miaka 27 na hajawahi kuiona. Usimsomee daftari kama hujisikii, daftari ni lako. Tikiti mwonyeshe, umweleze siku tatu zile zilivyokuwa: ulivyokwisha kupanga nguo, nani alikuja kukwambia mama ameanguka, usiku ule ulilala wapi. Asikusikie kwanza akiwa katikati ya ndugu zako.

Kisha mdogo wako. Usimweleze kwa simu, wala kwenye kundi la WhatsApp la familia, wala mbele ya wageni kama alivyofanya yeye. Subiri aje nyumbani, mpikie, ngoja wengine watoke. Usianze na “ulinidharau,” kwa sababu ataanza kujitetea na wewe utaanza kumbembeleza, maana ndivyo ulivyozoea kumfanyia tangu akiwa mtoto. Mwambie hivi tu: “Siku ile ulisema sikuwa mtu wa vitabu. Nataka nikuonyeshe kitu.” Akikuomba msamaha haraka haraka, mwambie angoje, hujamaliza. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usimsaidie.

Umenieleza jinsi tikiti ilivyo: karatasi ngumu kama kadi, haizidi kiberiti kwa ukubwa, kona moja imefifia, na mahali ambapo kondakta hutoboa pangali pazima. Iweke mezani mbele yake, kando ya sahani. Usiseme ni ya nini. Mwache aigeuze na kuisoma tarehe mwenyewe, na akumbuke wiki ile yeye alikuwa wapi.

Shangazi yako