Njia Tambarare Hudanganya: Kutembeza Mbwa Katika Mji wa Jangwani

Mtu akihamia mji wa jangwani na mbwa wake, haichukui muda kabla hajaigundua ile njia ya miguu inayofuata mfereji au ukingo wa mto mkavu. Imenyooka, haina mwinuko, haina tope, na jua linawaka karibu mwaka mzima. Miji mingi ya jangwani hupitisha njia zake huko kwa sababu rahisi: kandokando ya mkondo wa mafuriko hapajengwi nyumba, kwa hiyo ardhi inabaki wazi. Mimi hutembeza mbwa wangu wawili kwenye njia ya namna hiyo karibu kila siku. Tomi ni mweusi, mrefu wa miguu, hajui kuchoka. Popi ana umri umesogea, pua fupi iliyobonyea, na akihema utadhani anakoroma. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kuwatazama hao wawili wakipita njia moja, saa moja, na hali zao zikiwa tofauti kabisa.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa: tambarare hudanganya. Kilima husema kweli. Kinakuuma mapaja mapema, unasimama, mbwa naye anapumzika. Kwenye tambarare hakuna kinachokusimamisha. Unakwenda tu, unaongea na simu, unasalimiana na watu, ukija kugeuka pale ulipoanzia hapaonekani. Na hatua zote hizo lazima uzirudi, safari hii jua likiwa juu zaidi, ardhi ina moto zaidi na chupa ya maji imebaki nusu. Kurudi si sawa na kwenda, hata kama mita ni zilezile.

Wala usingoje mbwa akwambie. Tomi angenifuata mpaka aanguke, na si ushujaa, ndivyo mbwa walivyo: ukienda, anakwenda. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuka ni wangu, na ninaufanya kabla sijatoka nyumbani. Nikiona mbwa anaweza kutembea saa nzima bila taabu, nageuka dakika ya ishirini. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Tukiwa na Popi hesabu hiyo naikata nusu. Watu huniona nageuka wakati Tomi bado anavuta kamba, wakashangaa. Na washangae.

Uchoyo huu una sababu yake, nayo ni mwili wa mbwa. Sisi tunatoka jasho mwili mzima. Mbwa hutoka jasho kidogo tu, hasa kwenye nyayo, na halimsaidii sana; kazi ya kuupoza mwili inafanywa kwa kuhema, maji yakikauka kwenye ulimi, mdomo na pua. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, juu kuliko letu. Likifika 41 yuko hatarini kabisa. Yaani kati ya mbwa mzima na mbwa mahututi kuna nyuzi mbili hivi, na mbwa anayekimbia juani anaweza kuzimaliza upesi. Hewa kavu ya jangwani inamsaidia kwa upande mmoja, maana mate hukauka haraka na kupoza. Lakini maji hayo yanatoka mwilini mwake, na lazima yarudishwe. Kwa wenye pua fupi kama bulldog na pug mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa njia yenyewe ya hewa imebanwa. Waongeze wazee, wanene na wenye maradhi ya moyo. Hao hawana jua la wastani. Wana kivuli au hatari.

Kuna wanaodhani dawa ni kumnyoa. Mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili usimnyoe mpaka ngozi ionekane; manyoya yale yanazuia jua lisiifikie ngozi. Mchane, toa yaliyokufa, inatosha. Mwenye pua ya waridi au masikio yenye manyoya machache anaweza kuungua na jua, na mafuta ya kujikinga utakayompaka yawe ya mbwa. Mengi ya kwetu yana zinki, ambayo humdhuru mbwa akiimeza, naye atayalamba.

Sasa ardhi, maana hapa ndipo wengi wanapokosea wakiwa na nia njema. Utabiri wa hali ya hewa unakupa joto la hewa, tena lililopimwa kivulini. Mbwa hatembei hewani. Mchana wa jua kali usio na upepo, hewa ikiwa nyuzi 25 tu, lami inaweza kupita 50, na kwa joto hilo ngozi ya nyayo huungua ndani ya muda mfupi. Zege jeupe lina nafuu kidogo. Udongo wa kawaida wa pembeni mwa njia una nafuu zaidi, hasa penye kivuli, lakini mchanga mkavu uliolala juani nao huunguza. Kipimo changu ni mgongo wa mkono: uweke juu ya ardhi kwa sekunde saba. Ukishindwa kuuacha hapo, mbwa hatembei. Usitumie kiganja, kina ngozi nene. Na usipime pale mlangoni penye mti, pima katikati ya njia ambapo jua limeshinda. Nyayo zilizoungua hazionekani papo hapo kila mara. Utamwona mbwa jioni anajilamba miguu bila kuacha, au anachechemea, au ngozi ya nyayo imekuwa nyeusi zaidi na kuanza kubanduka.

Viatu vya mbwa vinafaa, ila vina masharti. Tomi alipovalishwa vyake alitembea kama jogoo aliyeingia kwenye tope, anainua mguu mmoja mmoja na kuutikisa. Mzoeshe ndani ya nyumba, dakika chache chache, kabla ya kumtoa. Mkiwa njiani vivue mara mojamoja uvikung'ute, kwa sababu mchanga ukiingia unasugua mpaka ngozi inatoka. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: kiatu kinalinda unyayo, hakilindi mwili. Nimeona mbwa kavalishwa viatu vizuri, katikati ya mchana, ulimi umefika kifuani. Viatu vilimpa mwenyewe ruhusa ya kutoka saa ambayo asingethubutu kutoka.

Saa ni alfajiri. Najua jioni inavutia, jua linazama, upepo umelegea, kazi zimeisha. Lakini lami imekunywa jua mchana kutwa na inaendelea kulitoa hata baada ya magharibi, na tumbo la mbwa liko karibu na ardhi kuliko uso wako. Ardhi hupoa kabisa mwishoni mwa usiku. Miezi ya joto natoka saa kumi na moja, kabla jua halijachomoza. Saa ya kuwa nyumbani naisoma chini: kivuli changu kikianza kuwa kifupi kuliko mimi mwenyewe, tumechelewa.

Maji nabeba mwenyewe, ya watu na ya mbwa, na bakuli la kukunjwa. Simngoji mbwa aonyeshe kiu. Kila baada ya robo saa nasimama nawapa kidogo. Si bakuli zima kwa mkupuo, maana anaweza kulitapika. Maji ya mfereji siyategemei. Yakituama na kuota utando wa kijani yanaweza kuwa na sumu ya kumuua mbwa, na yakiwa yanatiririka shida ni kingo: zege lenye mteremko na utelezi, mbwa akitumbukia hana pa kukanyaga ili atoke. Karibu na mfereji kamba haifunguliwi, hata kwa mbwa anayejua kuogelea.

Kwa Popi dalili ninayoitazama ni ulimi. Akiwa sawa, ulimi unaning'inia mwembamba pembeni mwa mdomo. Joto likianza kumzidi, ncha yake inapanuka na kukunjamana kwa juu, na mashavu yanavutwa nyuma kiasi cha kuonyesha magego. Hapo simalizi kipande kilichobaki. Naingia kivulini, hata kama ni kivuli cha nguzo ya daraja, nalowesha tumbo, kwapa na mapaja kwa ndani, tunakaa. Zikija dalili nzito, yaani mate mazito ya kunata, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika, macho kutokutazama kitu, hiyo ni dharura. Zamani tuliambiwa tusimwagie maji ya baridi. Ushauri wa madaktari wa wanyama sasa ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye: mwagia maji yoyote uliyonayo yaliyo na baridi kuliko yeye, mpepee, endelea hivyo huku mwenzako akipiga simu kwa daktari na kuleta gari. Taulo lililoloa usimfunike ukaliacha, linageuka blanketi. Mbwa asiyejitambua usimnyweshe. Na hata akisimama akatikisa mkia, mpeleke kwa daktari, kwani figo na viungo vingine vinaweza kuwa vimeumia bila kuonekana.

Miiba ni habari nyingine. Mbigili unazijua: kile kitunda kidogo kigumu, kikianguka vyovyote kinabaki na mwiba mmoja umeelekea juu. Hupenda pembe za njia, pale zege linapokutana na udongo. Mbwa aliyekanyaga husimama ghafla, anashika mguu juu na kukutazama. Ukiutoa, kagua pia katikati ya vidole, maana mara nyingi kuna wa pili. Katika jangwa la Sonora, Marekani na Meksiko, kuna dungusi kakati aitwaye cholla, ambaye vipande vyake hunyofoka kwa kuguswa tu na kung'ang'ania manyoya. Mkono wako ukikimbilia kung'oa, nawe umenaswa. Mbwa akiwahi kwa mdomo, miiba inahamia midomoni. Mshike kichwa kwanza, kisha ingiza kitana chenye meno mapana kati ya kipande na ngozi, ukirushe mbali na watu. Miiba iliyobaki toa kwa koleo, mmoja mmoja. Kitana na koleo huishi kwenye mkoba wangu wa mbwa, na vimenisaidia kuliko kifaa chochote cha bei kubwa. Nyasi kavu zenye masuke yaliyo kama mikia nazo ni za kuogopa: suke likiingia sikioni au puani husonga mbele tu, halirudi. Mbwa akipiga chafya mfululizo au kutikisa kichwa baada ya matembezi, hiyo ni kazi ya daktari, si ya kusubiri.

Nyoka huotea kingo za njia nyakati zilezile tunazopenda sisi, asubuhi na magharibi, na usiku wa joto pia. Kinga ni kamba fupi ya mita moja na nusu au mbili, na mbwa asitie pua mashimoni. Zile kamba zinazojivuta na kurefuka sizitaki kabisa kwenye njia hizi. Huko huko Sonora, msimu wa mvua hutoka chura mkubwa mwenye sumu kwenye ngozi. Mbwa akimuuma, suuza mdomo kwa maji yanayotokea pembeni, yasiende kooni, futa ufizi kwa kitambaa, kisha kimbilia daktari. Vumbi nalo katika sehemu za Arizona na California hubeba vijidudu vya ukungu vinavyoleta "homa ya bonde" (Valley fever), ugonjwa wa mapafu ambao si ile homa ya Bonde la Ufa. Mbwa mchimbaji huvuta mengi, kwa hiyo kikohozi kisichoisha kitaje kwa daktari pamoja na mahali mnapotembea.

Mwisho kuna watu. Njia tambarare ni ya baiskeli kabla haijawa ya mbwa, na baiskeli ya siku hizi haina mlio. Mbwa namweka upande wa nje, mimi niwe kati yake na njia, na nikisikia kengele nafupisha kamba kabla sijageuka kutazama. Kinyesi kiokote. Wapo wanaosema jua litakikausha, na kweli linakikausha, kisha kinakaa pale miezi na miezi kwa sababu bila unyevu hakiozi.

Mawingu yakijikusanya upande wa milimani, hata kama juu yenu ni anga tupu, msishuke kwenye mchanga wa mto mkavu. Maji ya mvua iliyonyesha mbali hufika kwa kishindo, bila tone moja kuanguka mlipo. Siku hizo natembea juu ya ukingo, na Tomi, anayeupenda sana ule mchanga, hulalamika njia nzima.