Jibu: Je, silikoni yenye vitundu huua seli?

Mwalimu, salamu kutoka Lamu. Umeuliza kama silikoni yenye vitundu huziua seli hai, maana wanafunzi wako wa Malindi wamekuta majibu yanayopingana. Yanapingana kwa sababu inategemea imetayarishwa vipi.

Silikoni nzima, ile ya chipu za simu, mwilini hukaa karibu ilivyo. Ikichimbwa kwa umeme ndani ya asidi ya haidrofloriki (hiyo msiiguse shuleni, ni hatari kweli), hubaki na matundu kama jiwe la matumbawe la kuta zetu huku, ila haya ni ya nanomita (sehemu za bilioni za mita). Maji ya mwili huingia, na silikoni huyeyuka polepole kuwa asidi ya silisiki, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Mwaka 1995 Leigh Canham wa Uingereza alionyesha kuwa hata madini ya mfupa hujijenga juu yake.

Shida iko kwenye uso wake. Ikiwa mpya, uso umejaa hidrojeni na huingiliana ovyo na vitu vilivyo karibu. Seli zinaweza kuumia. Ndiyo maana wengi huuoksidisha kwanza, yaani huufunika kwa tabaka lenye oksijeni.

Halafu kuna mtego: rangi ya MTT, inayopima uhai wa seli kwa kuwa seli hai huibadilisha, hubadilishwa na silikoni yenyewe hata pasipo seli. Seli zilizokufa zitaonekana hai! Kipimo hicho peke yake mimi sikiamini. Wanafunzi waangalie kwanza kama watafiti waliweka kisahani chenye silikoni bila seli.