Unanunua redio ya HF Nairobi? Kipokezi kwanza, wati baadaye

Vijana waliopata leseni ya redio ya ridhaa juzi juzi kutoka Mamlaka ya Mawasiliano hupenda kuniuliza kuhusu redio ya HF, yaani ya mawimbi mafupi: "Mzee, ninunue redio gani?" Wengi huwa wameshachungulia majedwali ya majaribio kutoka Marekani, wakaona redio moja ina desibeli 105 na nyingine 80, wakaamua kwamba hiyo ya 80 ni takataka. Mimi huwaambia waiweke namba hiyo kando kwanza.

Namba yenyewe hupimwa hivi: kipokezi huingiziwa ishara mbili nzito zilizoachana kilohezi 2 tu, kisha huangaliwa kinaanza lini kuzua stesheni hewa, yaani sauti zinazosikika mahali pasipo na mtu. Kipimo hicho kina maana kubwa kwa mtu wa Ohio wikendi ya mashindano, majirani wamemzunguka na mitambo ya wati 1,500. Sisi wa 5Z4, mwanzo wa majina ya stesheni za Kenya, tu wachache. Ni nadra jirani wa mtaani kwako awe hewani kilohezi 2 kutoka ulipo, na anayekuita kutoka Ujerumani yuko zaidi ya kilomita 6,000. Kinachotusumbua hapa ni stesheni za utangazaji na kelele za nyumba tunazokaa.

Redio nyingi za mitumba bado ni za superheterodaini, muundo aliobuni Edwin Armstrong mwaka 1918. Masafa unayosikiliza huchanganywa na ya osileta ya ndani, saketi inayozalisha masafa yake yenyewe, yakatoka masafa ya kati yasiyobadilika, na hapo ndipo pa kuchuja. Kasoro yake ni pacha, yaani masafa ya pili yanayotoa masafa ya kati yale yale. Tuseme uko megahezi 14.200 na masafa ya kati ni kilohezi 455. Osileta itakuwa 14.655, na stesheni iliyo 15.110 nayo iko kilohezi 455 kutoka kwa osileta, kwa hiyo inaingia bila kubisha hodi. Bahati mbaya 15.110 imo ndani ya bendi ya utangazaji ya mita 19. Unamtafuta rafiki, unapata mahubiri.

Watengenezaji wakamkimbia pacha kwa kupandisha masafa ya kati ya kwanza juu kabisa: Icom IC-718 iko kama megahezi 64, Yaesu FT-857D kama 68. Pacha akaenda mbali, lakini huko juu chujio jembamba la kristali ni gumu kutengeneza, hivyo lile la kwanza hubaki na upana wa kilohezi 15 hivi. Ndipo wengine wakarudi chini: Elecraft K3, Kenwood TS-590S kwenye bendi kuu, na Yaesu FTDX10 ya 2020 yenye masafa ya kati ya megahezi 9. Hapo chujio la hezi 500 linawezekana, askari wa geti anayemkagua mtu kabla hajakanyaga ndani. Kisha ikaja Icom IC-7300 mwaka 2016, ambayo haina mikisa ya kuchanganya masafa wala masafa ya kati ya namna hiyo. Inayapima mawimbi ya antena yenyewe zaidi ya mara milioni 120 kwa sekunde, inayageuza namba, na kuchuja kunakuwa hesabu tu.

Huyo wa mwisho ana ugonjwa wake, na bendi ya mita 40, yaani megahezi 7, ndiyo huufichua. Kenya iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa hiyo bendi yetu inaishia 7.200 na matangazo yanaanzia papo hapo. Giza likishaingia, ukiwa na antena ndefu, unaweza kuona alama ya OVF, ya kigeuzi kilichojaa kupita kiasi, ikiwaka kwenye kioo ingawa wewe umetulia zako 7.060. Kigeuzi hakichagui, kinameza kila kilichopita chujio pana la mbele mpaka kinajaa. Punguza RF GAIN, kidhibiti cha usikivu, alama izime, au weka atenueta, kipunguza ishara. Usiogope kupoteza stesheni dhaifu, maana usiku kelele ya bendi inaizidi mbali kelele ya redio yenyewe. Chomoa antena usikie: sauti ikizama ghafla, basi redio yako ina usikivu wa kutosha, na hiyo hesabu imekwisha.

Kuna jingine ambalo jedwali halisemi. Ukiita CQ, mwito kwa yeyote anayesikia, kwenye 14 MHz na jina lako la hewani linaanza na 5Z4, Ulaya nzima inakurukia. Kwa SSB, yaani kwa kuongea, watu ishirini wanaweza kuwa ndani ya kilohezi 2.4 zile zile, na chujio la hezi 500 halina la kufanya, kwa sababu wote wameshapita getini. Mwenye mtambo mkubwa kuliko wote anaivuta chini AGC, saketi inayorekebisha usikivu yenyewe, na wale wadogo wanazama naye. Shusha RF GAIN mpaka kelele ya nyuma iishe, kisha waambie watawanyike: "sikilizeni, napokea juu, 5 hadi 10." Hapo IC-718 ya zamani itafanya kazi vizuri tu. Wa CW, yaani wa Morse, ndio wenye haki ya kudai chujio jembamba, pamoja na kundi linaloweka stesheni mbili kwenye kiwanja kimoja.

Mimi nakaa ghorofani, na kwa hali ya ghorofa ningechagua kioo kinachoonyesha bendi nzima kabla ya kuchagua desibeli. Chaja mbovu huonekana pale kama mistari iliyopangwa kwa nafasi sawa, ikihama polepole kadiri chaja inavyopata joto. Endesha redio kwa betri ya volti 12, zima swichi kuu ya stima ya nyumba, utazame. Mistari ikifutika, mkosaji ni wako. Ikibaki, ni ya jirani, na jirani anaendewa kwa upole. Mama wa nyumba ya chini nilimnunulia adapta nyingine ya king'amuzi chake, na 14 MHz ikapata utulivu ambao hakuna kipokezi kingenipa.

Kama mfuko hauruhusu na unachukua ya mtumba, labda ya mgeni anayerudi kwao, usilipe kabla hujaifanyia jaribio hili. Nenda jioni, tafuta kwenye 7 MHz stesheni unayoishuku, kisha bonyeza atenueta ya desibeli 10. Stesheni ya kweli itashuka desibeli 10, chini kidogo ya alama mbili za S kwenye mita ya nguvu ya ishara. Ile hewa, inayozaliwa na nzito mbili kugongana ndani ya kipokezi, itashuka kama desibeli 30, na mara nyingi itatoweka kabisa. Zikiwa nyingi za aina hiyo hata kwa waya mfupi, kuna kitu kimeungua mbele ya redio, na bei iteremke au urudi nyumbani na pesa zako.