Kilo za korosho zinajihesabu mara mbili, nakosea wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni karani wa korosho huku Newala, nina data za misimu mitatu kwenye Excel, kila mzigo una tarehe, AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), kijiji, kata, daraja, kilo na bei. Nataka kuziingiza kwenye database ya kuchambulia nikazipanga kwa ngazi: mkoa, wilaya, chama kikuu, AMCOS, kata, kijiji. Sasa jumla ya kilo inazidi ya kwenye vitabu, halafu bei ya wastani ya wilaya haifanani na ya kalkuleta yangu. Nisaidie.

JIBU: Pole sana dada yangu, na hongera kwa kutunza data za misimu mitatu mana wengi vitabu vinaliwa na mchwa. Tatizo ni huo mstari mmoja mrefu. Kwenye ngazi kila mtoto anatakiwa awe na mzazi mmoja tu, sasa kata moja inaweza kuwa na AMCOS mbili na AMCOS moja ikapokea korosho za vijiji vya kata tofauti, kwahiyo ukiiweka kata chini ya AMCOS inapata wazazi wawili na kilo zinajumlishwa huku na kule. Tena chama kikuu hakikai chini ya wilaya, TANECU, ambacho ni chama kikuu cha ushirika, si inachukua Newala na Tandahimba zote? Tenganisha njia mbili: kijiji, kata, wilaya, mkoa iwe ya utawala, halafu AMCOS na chama kikuu iwe ya ushirika, na kila mzigo ubebe kodi (code, yaani namba ya utambulisho, sio ushuru) ya kijiji na kodi ya AMCOS. Kodi nasema, sio jina, vijiji vinafanana majina.

Tarehe nayo hivyo hivyo. Siku inapanda kwenye mwezi, mwezi unapanda kwenye mwaka wa kalenda, na njia ya pili mwezi unapanda kwenye msimu, mana minada inaanza Oktoba na Januari inayofuata bado ni msimu uleule, kwahiyo Novemba 2023 na Januari 2024 zote ni 2023/2024. Usiandike Novemba tupu bila mwaka, zitachanganyika za misimu yote mitatu. Wiki usiiweke chini ya mwezi, inaanza mwezi huu inaishia mwingine.

Bei ndo penye maumivu kwa mkulima, hapa nakuomba utulie. Kilo zinajumlishwa ukipanda ngazi, bei haijumlishwi wala usichukue wastani wa wastani. AMCOS moja imeuza tani 10 kwa sh 2,000 kilo, nyingine tani 90 kwa sh 1,800, ukigawa kwa mbili unapata 1,900, lakini pesa yote ukiigawa kwa kilo zote ni 1,820. Hiyo 1,820 ndo ya kweli. Kwahiyo hifadhi kilo na thamani ya mzigo, bei ikokotolewe upya kwenye kila ngazi.

Ukimaliza chukua kitabu cha mizani cha siku moja ya AMCOS moja, linganisha kwa njia zote mbili, zikitofautiana hata kilo moja usiendelee, tafuta ule mzigo wenye kodi mbili za kijiji au mbili za AMCOS.